Maurice Krafft, mpiga picha wa volkano aliyewafundisha watu kukimbia

Wasikilizaji wetu wengi waliowahi kukaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video wanaikumbuka filamu ya Dante's Peak. Ni ile ya mwaka 1997 ambayo Pierce Brosnan anaigiza mtaalamu wa volkano anayefika katika mji mdogo wa milimani nchini Marekani. Anapima, anashtuka, anawaeleza wakubwa kwamba mlima unaamka. Wakubwa wanasita. Wakitangaza hatari, mwekezaji ataondoka, na mlima usipolipuka wao ndio watakaoonekana waongo. Mwishowe mlima unalipuka, na bibi aliyekataa kuiacha nyumba yake anaingia kwenye ziwa lililogeuka tindikali ili aisukume boti yenye wajukuu wake.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja kama mambo yale ni ya kweli au ni ya sinema tu. Jibu letu ni kwamba mengine ni chumvi. Ziwa la maji matamu haligeuki tindikali ya kula chuma kwa siku moja au mbili. Lakini maziwa ya tindikali yapo, na yupo mtu aliyepanda boti ya mpira akaingia katika lile kubwa kuliko yote duniani, miaka 26 kabla ya filamu ile kutoka. Na habari ya wakubwa wanaosita wakati mlima unaunguruma aliifahamu vizuri. Aliona matokeo yake kwa macho yake, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuitafutia dawa.

Mtu huyo ni Maurice Krafft. Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu wengi wanaomjua wanamjua kwa ujasiri wake, na sisi tunaona kazi yake kubwa ilikuwa nyingine.

Kijana wa Alsace

Maurice alizaliwa tarehe 25 Machi 1946 katika mji wa Mulhouse, mkoa wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Alsace haina volkano hai hata moja. Alipokuwa mtoto wa miaka saba wazazi wake walimpeleka Italia, na huko akaiona Stromboli, mlima unaorusha cheche za moto kutoka kileleni mchana na usiku. Kuanzia hapo hakutaka kusikia habari nyingine. Alipokua alisomea jiolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi, na masomo hayo yakampeleka Chuo Kikuu cha Strasbourg.

Hapo ndipo alipokutana na Catherine Conrad, ambaye kila mtu alimwita Katia. Katia alimzidi umri. Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1942, naye pia ni mtu wa Alsace. Alisomea fizikia na kemia, na alikuwa na ugonjwa uleule wa kupenda volkano. Walifunga ndoa mwaka 1970. Fungate yao waliila kwenye kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, ambacho chenyewe ni mabaki ya volkano. Waliamua kutozaa watoto, kwa kuwa kazi waliyoichagua ingeweza kuwaua siku yoyote.

Hatuwezi kumweleza Maurice bila Katia. Maurice alishika kamera ya filamu, Katia akashika ya picha za mnato. Maurice alikuwa mzungumzaji, mwenye mwili mkubwa, mcheshi mbele ya watu. Katia alikuwa mdogo wa umbo na makini, mwenye kuhesabu hatua. Yeye ndiye aliyepima gesi zinazotoka ardhini, tena alibuni kifaa cha kuzipimia palepale mlimani badala ya kuzibeba hadi maabara. Hawakuajiriwa na chuo wala serikali. Waliishi kwa kuandika vitabu, kuuza picha na kuzunguka miji ya Ufaransa wakionyesha filamu zao kwa kiingilio, na fedha walizopata zikawapeleka kwenye mlima unaofuata. Katika miaka isiyozidi 25 walishuhudia milipuko zaidi ya 150. Mlima ukiamka popote, walifunga mizigo. Mara nyingi walifika wakati wenyeji wanaondoka.

Boti juu ya tindikali

Hebu turudi kwenye lile ziwa. Linaitwa Kawah Ijen, liko ndani ya kasoko la volkano kwenye kisiwa cha Java nchini Indonesia. Kasoko ni lile shimo kama bakuli linalokaa kileleni mwa volkano. Maji ya ziwa hilo yana rangi nzuri ya kijani na buluu, lakini ukali wake unakaribia ule wa tindikali ya betri ya gari. Mwaka 1971 Maurice na mwenzake mmoja waliingia humo na boti ya mpira kwenda kupima vina. Katia alikataa kupanda. Akabaki ukingoni, amekasirika. Waya wa chuma waliouteremsha kupimia kina uliliwa na maji, upepo ukawasukuma katikati, na ikawachukua saa kadhaa kurudi nchi kavu. Maurice alirudi akicheka. Katia hakucheka.

Kisa hicho hupenda kusimuliwa kama sifa. Sisi tunadhani Katia ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Maurice alikuwa mtu wa kuthubutu kupita kiasi, na hakuficha. Aliwahi kukanyaga tope linalochemka huko Iceland ngozi ya mguu ikamchubuka, na kwa miaka mingi alikuwa na ndoto ya kushuka kwa mtumbwi juu ya mto wa lava. Lava ni mawe yaliyoyeyuka kwa joto yakawa kama uji mzito. Ndoto hiyo hakuitimiza.

Hukohuko Iceland, tarehe 23 Januari 1973, ardhi ilipasuka usiku wa manane pembeni kabisa ya mji mdogo wa wavuvi kwenye kisiwa cha Heimaey. Watu wapatao 5,300 walivushwa kwa boti usiku uleule. Bahati yao ni kwamba dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezizuia boti zote bandarini. Maurice na Katia walifika na kurekodi nyumba zikizama ndani ya majivu meusi, na watu wakiimwagia lava maji ya bahari kwa pampu ili igande kabla haijaziba mlango wa bandari. Bandari ilipona. Mamia ya nyumba hayakupona, lakini karibu watu wote walikuwa hai. Ni mji mdogo na mlima unaowaka, kama kwenye sinema, isipokuwa huku watu waliondoka kwa wakati.

Huku kwetu

Wanandoa hao walifika pia Afrika ya Mashariki na ya Kati. Walipiga picha ziwa la lava la Nyiragongo, mlima unaoutazama mji wa Goma. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi isivyo kawaida, ndiyo maana hukimbia. Mwaka 1977 mbavu za mlima zilipasuka na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua watu vijijini. Watu wa Goma waliokimbia Januari 2002, na tena Mei 2021, hawahitaji kuelezwa na sisi.

Mwaka 1988 Maurice alipanda Ol Doinyo Lengai, mlima unaosimama kusini mwa Ziwa Natron upande wa Tanzania, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Alikuwa na mtaalamu wa Ujerumani, Jörg Keller. Walichomeka vipimajoto ndani ya lava inayotiririka, wakapata nyuzi kati ya 491 na 544 za Selsiasi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu lava ya milima mingine huzidi nyuzi 1,000. Lava ya Lengai ina soda kwa wingi na ni baridi kuliko nyingine zote zinazojulikana. Mchana haionekani nyekundu. Inateremka nyeusi kama tope la mafuta machafu, na ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndiyo maana anayeutazama mlima ule kwa mbali hudhani una theluji. Mwaka 1989 vipimo vyao vilichapishwa katika jarida la kisayansi la Science.

Nyekundu na kijivu

Maurice alikuwa na njia rahisi ya kuwaeleza watu wasiosomea jiolojia, nasi tunaiazima kwa sababu hatujaona iliyo bora. Aligawanya volkano katika mafungu mawili kwa rangi. Zipo nyekundu, ambazo lava yake hutiririka. Hizo huchoma mashamba na nyumba, lakini mara nyingi mtu mwenye miguu anaweza kuikwepa lava yake. Nyiragongo ni ya fungu hilo, ingawa kasi yake inamtaka mtu asichelewe. Kisha zipo za kijivu. Lava yake ni nzito, hukwama kooni mwa mlima, gesi inajikusanya chini yake, na siku inapotoka inatoka kwa mlipuko. Hizi hutuma wingu la majivu, gesi na mawe yenye joto la mamia ya nyuzi, linaloshuka bondeni kwa kasi ya kuishinda gari. Hakuna anayelikimbia wingu hilo akishaliona linakuja. Anayepona ni aliyekwisha ondoka.

Miaka ya mwanzo Maurice na Katia walipenda nyekundu. Picha zao zinazosambaa hadi leo, za mtu mdogo mweusi mbele ya ukuta wa moto, ni za nyekundu. Walianza kugeukia za kijivu baada ya Mei 18, 1980, mlima St. Helens ulipolipuka nchini Marekani na kuua watu 57. Miongoni mwao alikuwa David Johnston, mtaalamu kijana aliyekuwa akiuchunguza kutoka ukingo wa mbali wa kilomita karibu 10. Siku ile alikuwa amekaa zamu mahali pa mwenzake, Harry Glicken. Mshike jina la Glicken, tutalikuta tena.

Usiku wa Armero

Nasi tunaofanya kazi ya redio, sehemu hii hatuwezi kuipita haraka.

Nchini Colombia upo mlima mrefu wenye barafu kileleni, Nevado del Ruiz. Mwaka 1985 ulikuwa ukitoa dalili kwa miezi. Wataalamu walitengeneza ramani ya maeneo ya hatari, ikatolewa Oktoba mwaka huo. Mji wa Armero, uliokuwa na watu wasiopungua 25,000, ulikuwa ndani ya eneo la hatari kwenye ramani hiyo. Lakini mji wenyewe ulikuwa mbali na mlima, zaidi ya kilomita 70 ukifuata mto. Watu walitazama kilele hata hawakioni vizuri. Wapo waliosema ramani inatia watu hofu bure na kuharibu biashara.

Tarehe 13 Novemba majivu yalianza kunyesha mchana. Matangazo, ya redio yakiwemo, yaliwataka watu watulie na kubaki majumbani. Usiku saa tatu mlima ulilipuka. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana, lakini joto liliyeyusha sehemu ya barafu, maji yakachanganyika na majivu na udongo, na tope likashuka mitoni. Lilichukua zaidi ya saa mbili kufika Armero. Saa mbili! Mtu angeweza kutembea kwa miguu, na mzee wake mkononi, akafika kwenye kilima. Waliokufa walikuwa zaidi ya 23,000.

Maurice na Katia walifika baada ya msiba. Walizoea kupiga picha mawe na moto. Huko walipiga picha miili iliyofukiwa kwenye tope. Jambo lililowaumiza halikuwa kwamba sayansi ilishindwa, maana sayansi ilisema mapema. Ramani ilikuwepo. Ila waliopewa ramani hawakuwahi kuona tope la volkano maishani mwao, hivyo rangi kwenye karatasi haikuwa na maana yoyote kwao. Ukimwambia mtu wa bondeni kwamba mlima asiouona utamletea tope usiku, atakutazama tu. Ungemwonyesha, ingekuwa habari nyingine.

Na picha za kumwonyesha walikuwa nazo wao, pengine kuliko mtu yeyote duniani.

Filamu isiyo na mwigizaji

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa volkano, pamoja na UNESCO, kiliunga mkono mpango wa kutengeneza filamu fupi ya kufundishia kuhusu hatari za volkano. Maurice aliichukua kazi hiyo. Alichagua vipande vikali kabisa kutoka hazina yao: wingu moto likiteremka, majivu yakivunja mapaa, tope likibeba magari na madaraja, na baada ya hapo walichoacha nyuma yao. Hakuficha maiti. Lengo halikuwa burudani. Mkuu wa wilaya au diwani aliyeitazama alitakiwa ainuke kwenye kiti akijua ni kitu gani hasa anachokiamulia.

Mapema mwaka 1991 nakala ambayo haijakamilishwa ilikwisha kuwa mikononi mwa wataalamu. Aprili mwaka huo mlima Pinatubo, huko Ufilipino, uliamka. Ulikuwa umelala kwa karibu miaka 500, umefunikwa na msitu, na watu wengi walioishi karibu yake hawakujua kuwa ni volkano. Watu wa jamii ya Aeta waliishi kwenye miteremko yake. Chini kulikuwa na miji na kambi kubwa ya jeshi la anga la Marekani, Clark. Wataalamu wa Ufilipino, wakiongozwa na Raymundo Punongbayan, na wenzao wa Marekani walijua kwamba maneno matupu hayatawaondoa watu wote hao. Wakaanza kuionyesha ile filamu: kwa viongozi wa serikali, kwa wanajeshi, kwa wananchi wa kawaida. Wapo waliokuwa wanabeza, na baada ya kuitazama wakaacha kubeza.

Unzen

Wakati huo Maurice na Katia walikuwa Japani. Mlima Unzen, juu ya mji wa Shimabara, ulikuwa ukisukuma lava nzito kutoka kileleni tangu mwishoni mwa Mei, na kila lava ilipomeguka ilishusha wingu moto bondeni. Ni volkano ya kijivu hasa, ya aina ileile aliyokuwa akiwaonya watu nayo. Wakuu wa eneo walikuwa wamewataka watu waondoke. Ndani ya eneo hilo, hata hivyo, ndipo palipokuwa na mahali pazuri pa kupigia picha, na waandishi wa habari wengi walikuwa wamejazana. Maurice, Katia na Harry Glicken walisogea mbele zaidi yao. Mawingu ya siku zilizotangulia yalikuwa yamefuata bonde, nao walisimama kwenye kingo juu ya bonde.

Tarehe 3 Juni 1991, kiasi cha saa kumi alasiri, wingu kubwa kuliko yaliyotangulia lilishuka, na safari hii sehemu yake ilitoka nje ya bonde. Watu 43 walikufa. Maurice alikuwa na miaka 45, Katia 49. Glicken, aliyeponea St. Helens kwa kubadilishana zamu, hakupona Unzen. Miili ya wanandoa hao ilikutwa karibu na karibu.

Katika hao 43 walikuwemo waandishi na wapiga picha, madereva wa teksi waliowaleta, polisi, wazima moto wa kujitolea na wenyeji. Tunawataja kwa sababu filamu zilizotengenezwa baadaye kuhusu mapenzi ya Maurice na Katia, mbili zikiwa za mwaka 2022, huwafanya wale wengine waonekane kwa mbali tu. Dereva wa teksi hakuwa na ndoto ya mtumbwi juu ya lava. Alikuwa kazini.

Tumejadiliana ofisini kama Maurice alikosea. Mmoja wetu anasema mtu anayewafundisha wengine kukimbia kisha mwenyewe akasimama njiani ameivunja kazi yake. Mwingine anasema bila watu wa kusogea karibu kiasi kile, zile picha zisingekuwepo, na Pinatubo wangebaki na ramani ya karatasi tu kama Armero. Hatukukubaliana.

Siku kumi na mbili baadaye

Habari za kifo chao zilifika Ufilipino wakati filamu bado inaonyeshwa. Tarehe 10 Juni kambi ya Clark ilihamishwa, watu wapatao 14,500. Makumi ya maelfu ya wanavijiji na watu wa mijini nao waliondolewa kadiri eneo la hatari lilivyopanuliwa. Tarehe 15 Juni Pinatubo ulilipuka, mlipuko wa pili kwa ukubwa katika karne ya 20. Mlima uliokuwa na urefu wa mita 1,745 ulipoteza zaidi ya mita 200 za kilele chake. Siku hiyohiyo kimbunga kilipita. Mvua ikalowesha majivu, majivu yakawa mazito kama saruji, na mapaa yakaanguka. Mamia ya watu walikufa, wengi wao chini ya mapaa hayo, na Waaeta wengine walikufa baadaye kwa magonjwa katika kambi za waliohamishwa. Wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba utabiri na uhamishaji ule uliokoa maisha ya watu wasiopungua 5,000.

Maurice alikuwa amepanga pia filamu ya pili, ya kueleza namna ya kujiandaa kabla mlima haujalipuka. Wenzake waliimalizia, ikatoka mwaka 1995. Miaka miwili baadaye Dante's Peak ikaingia kwenye kumbi za sinema, na ziwa lake la tindikali, na bibi yake, na wakubwa wake wanaosita.